TV ya dijitali kwa antena Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayetumia king'amuzi cha antena, au TV yenye king'amuzi ndani yake, na anapokea matangazo kutoka minara ya Mwanza. Kasoro nyingi kinazolaumiwa king'amuzi si zake. Ziko juu ya bati, kwenye waya, au kwenye jiwe lililosimama kati ya nyumba na mnara. Soma kwanza kabla hujanunua kingine.

King'amuzi cha antena na cha dishi vina tofauti gani?

Cha dishi kinapokea kutoka setilaiti iliyo angani. Cha antena kinapokea kutoka mnara uliojengwa hapa hapa mkoani, kwa masafa ya UHF. Kampuni kama StarTimes na AzamTV zinauza aina zote mbili, kwa hiyo jina la kampuni pekee halikuambii umenunua kipi. Angalia tundu la nyuma: cha dishi kina tundu la F lenye uzi wa kufungia nati. Cha antena kwa kawaida kina tundu laini la kuchomeka pini. Ukichomeka antena kwenye king'amuzi cha dishi hutaona kitu hata uipandishe juu ya Bugando.

Nina TV bapa. Nahitaji king'amuzi tena?

Inategemea maandishi yaliyo kwenye boksi au kibandiko cha nyuma. Tafuta DVB-T2, ndio mfumo wa dijitali wa hapa. Ikiwepo, TV inapokea yenyewe chaneli zisizolipiwa: unachomeka antena, unatafuta chaneli, basi. Ikiandikwa DVB-T bila 2, haitoshi.

Kuwa mwangalifu na TV za mtumba. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinatumia mfumo wa ISDB-T, za Marekani ATSC, za China DTMB. Zote hizo ni za dijitali, na muuzaji hadanganyi akisema hivyo, lakini hazielewi mawimbi ya hapa. Za Japani na Marekani pia mara nyingi zinataka umeme wa volti 100 au 120, ukizichomeka moja kwa moja kwenye 230 zinaungua. TV ya namna hiyo bado ina kazi: inunulie king'amuzi cha DVB-T2, unganisha kwa HDMI au zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu.

TV ya zamani yenye mgongo nayo inafanya kazi kwa waya hizo tatu. Ilichopoteza Februari 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa Mwanza, ni uwezo wa kupokea yenyewe.

Chaneli zipi naona bila kulipa?

Chaneli za kitaifa zisizolipiwa, kama TBC1, ITV, Star TV (hii makao yake ni Mwanza), Channel Ten na EATV, zinatakiwa kuendelea kuonekana hata kifurushi kikiisha. Lakini hazitoki zote kwenye mtambo mmoja. Kila kampuni ya kurusha ina masafa yake, na mnara wake unaweza kuwa sehemu nyingine. Ndiyo maana nyumba moja inaona kundi hili vizuri na kundi lile linakwama. King'amuzi cha kampuni fulani hakifungui chaneli za kulipia za kampuni nyingine, na vingine vimefungwa kabisa visitafute masafa yasiyo yao. Ukitaka kuona kila kisicholipiwa, tumia TV yenye DVB-T2 au king'amuzi huru.

Mnara uko upande gani?

Njia rahisi kuliko zote: panda mahali pa wazi mtaani kwako, tazama antena 5 au 6 za majirani ambao TV zao zinaonyesha vizuri. Zikielekea upande mmoja, huko ndiko. Zikitofautiana, waulize wanatumia king'amuzi gani, maana huenda wanafuata minara tofauti. Upande unaoelekea mnara ni ule wa fito fupi fupi. Upande wenye kiakisi, yaani ile sehemu pana au wavu, ndio mgongo.

Usiku taa nyekundu za minara zinaonekana mbali, ila si kila mnara wenye taa unarusha TV. Mingi ni ya simu. Dira ya simu inasaidia, lakini isimame mbali na bomba la chuma na bati, vinaivuruga.

Mbona jirani mita 30 kutoka kwangu anapata chaneli zote, mimi napata nusu?

Hili ndilo swali la Mwanza hasa. Mji umekaa juu ya mawe na vilima: Isamilo, Bugando, Capri Point, Mabatini, Igogo, Kitangiri. Mawimbi ya UHF hayapiti kwenye jiwe la matale na hayapindi sana kuzunguka kilima. Nyumba iliyo ubavuni mwa kilima upande wa mnara inaogelea kwenye mawimbi. Iliyo nyuma ya kilima kilekile imo kivulini, hata kama ni kilomita 3 tu kutoka mnara. Mtu wa Misungwi mjini, zaidi ya kilomita 40, anaweza kupata ubora mzuri kuliko wa Mabatini bondeni.

Jambo la pili ni mawimbi yanayogonga miamba na kurudi. Enzi za analojia yalileta picha pacha, kivuli cha mtangazaji pembeni ya mtangazaji. Dijitali haionyeshi picha pacha kwa sababu mfumo wa DVB-T2 unaacha nafasi ndogo ya muda kati ya alama na alama ili mwangwi upite. Lakini mwangwi ukifika na nguvu karibu sawa na wimbi la moja kwa moja, mawili hayo yanaweza kuuana mahali fulani na kujazana mahali pengine, ndani ya hatua moja. Kwenye masafa ya megahezi 600 urefu wa wimbi ni sentimita 50. Hivyo kusogeza antena sentimita 30 hadi 60, kulia, kushoto, juu au hata chini, kunaweza kugeuza kipimo cha ubora kwenye menyu ya king'amuzi kutoka 20 hadi 70. Watu huizungusha tu. Isogeze pia.

Kama nyumba iko kivulini kabisa, kuna ujanja unaofanya kazi mara nyingi zaidi ya unavyodhani: geuza antena uielekeze kwenye mwamba mkubwa au kilima cha ng'ambo kinachoonana na mnara, upokee mwangwi wake. Utaonekana kituko kwa majirani, lakini kipimo hakijali.

Antena ya ndani itatosha?

Kwa nyumba inayoonana na mnara na iliyo ndani ya kilomita 5 hivi, ndiyo, iweke karibu na dirisha la upande wa mnara. Chini ya paa la bati, dirisha lenye grili ya nondo, nyumba ya nyuma ya kilima: hapana. Bati ni ukuta kwa mawimbi. Dari ya jipsamu haina shida, ila juu yake bado kuna bati.

Zile antena bapa zinazoandikwa "maili 200" ni maneno ya boksi. Umbo la dunia lenyewe haliruhusu.

Ninunue antena ya aina gani?

Ya UHF, ya nje, yenye fito kati ya 10 na 20, boriti ya alumini. Matangazo ya TV yako kati ya megahezi 470 na 694, yaani chaneli za masafa 21 hadi 48. Antena inayofika chaneli 69 inapokea pia mawimbi ya simu usiyoyahitaji. Zile fito ndefu za mita moja na zaidi ni za VHF ya zamani. Hazidhuru, ila unalipia chuma cha bure na unawapa ndege pa kutua.

Shika antena dukani uitikise. Fito zikicheza kwenye boriti, miezi michache ya upepo wa ziwa itazilegeza zote. Fungua kijumba cha katikati: ndani lazima kuwe na kibao kidogo cha saketi au trafoma ya kuoanisha omu 300 za antena na omu 75 za kebo. Nyingine zinauzwa tupu, waya unafungwa tu kwenye skrubu mbili, na hapo unapoteza sehemu ya mawimbi kabla hayajaanza safari.

Fito zilale au zisimame?

Zifuate mnara. Mawimbi yakirushwa ya kulala, fito zilale sambamba na ardhi. Yakirushwa ya kusimama, zisimame. Ukikosea unaweza kupoteza desibeli 15 au zaidi, na hakuna busta (kikuza mawimbi) inayorudisha hilo vizuri. Tazama majirani, kisha jaribu yote mawili. Ni dakika 5 na spana moja.

Kebo gani?

RG-6, ya omu 75, yenye waya wa katikati wa shaba au uliopakwa shaba, karatasi ya alumini, na wavu uliofumwa unaoonekana kuwa mzito. Mita 20 za RG-6 nzuri hupoteza takriban desibeli 3 kwenye megahezi 600, maana yake nusu ya nguvu. Kebo nyembamba ya bei rahisi, ile ambayo wavu wake una nyuzi za kuhesabika, inaweza kupoteza maradufu ya hapo, na pia inaruhusu takataka za umeme wa nyumbani ziingie.

Usiunge kebo kwa kusokota na kubandika tepu. Kila kiungo cha namna hiyo kinarudisha nyuma sehemu ya mawimbi, na maji yakiingia yanatembea ndani ya wavu hadi kwenye king'amuzi. Ikibidi kuunga, tumia pini mbili za F na kiungio cha katikati, kisha zungushia tepu ya mpira. Kabla kebo haijaingia ukutani, iachie mkunjo ulioning'inia chini kidogo ya tundu ili maji yadondokee hapo nje. Usiikunje kona kali: mduara usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe.

Pini ya F inaharibiwa na jambo moja: uzi mmoja wa wavu ukigusa waya wa katikati. Menya milimita 8 hivi za waya wa katikati, rudisha wavu wote nyuma juu ya ganda, zungusha pini hadi uone waya umechomoza milimita 2 au 3 nje ya ukingo.

King'amuzi kinaonyesha nguvu 90 lakini ubora 15. Nini maana yake?

Nguvu inapima kila kinachoingia: mawimbi ya TV, ya simu, kelele za busta, mwangwi. Ubora unapima ni kiasi gani cha hicho kinasomeka. Unachotaka ni ubora. Nguvu 50 na ubora 80 ni TV nzuri kabisa. Nguvu 95 na ubora 15 mara nyingi ni busta iliyozidiwa, mwangwi mkali, au mawimbi ya mnara wa simu ulio jirani.

Asilimia hizo kila kiwanda kinazipanga kivyake, kwa hiyo usilinganishe king'amuzi chako na cha jirani. Linganisha chako na chenyewe, kabla na baada ya kusogeza antena. Na dijitali haififii polepole kama analojia iliyojaa chenga. Inaonyesha safi, safi, safi, kisha vipande vipande, kisha giza. Picha nzuri leo haikuambii kama uko salama au uko ukingoni. Ubora ndio unakuambia.

Busta itanisaidia?

Mara nyingi mjini Mwanza, hapana. Ilemela, Pasiansi, Nyamanoro, Kirumba: ukiwa unaonana na mnara, mawimbi tayari ni mengi, na busta inayazidisha hadi king'amuzi kinalewa. Dalili ni kwamba ukichomoa umeme wa busta baadhi ya chaneli zinarudi.

Busta ina kazi mbili halali. Ya kwanza ni kulipia hasara ya kebo ndefu kwa mtu wa mbali. Ya pili ni kulipia hasara ya kugawa kwenye TV kadhaa. Kwa zote mbili inakaa juu, jirani na antena, si nyuma ya TV. Sababu ni hii: kila kifaa kinaongeza kelele yake, na kebo inapunguza mawimbi bila kupunguza kelele ya king'amuzi. Busta ya juu inayapokea yakiwa bado na hadhi yake. Ya chini inakuza kilichobaki pamoja na uchafu. Kwa mita 20 za kebo, busta nzuri ya juu inaweza kukurudishia desibeli 5 hadi 7. Ikiwekwa sebuleni, faida ni pungufu ya hapo, maana hasara ya kebo imeshatokea.

Haileti mawimbi yasiyokuwepo. Antena ikiwa nyuma ya jiwe, busta inakuza kimya.

Umeme wake unapanda kwa kebo ileile, volti 5 kutoka king'amuzi au volti 12 kutoka adapta yake. Kwenye menyu kuna sehemu ya kuwasha umeme wa antena. Ukiwa na antena isiyo na busta, iache imezimwa, kwa sababu antena nyingi kwa umeme huo ni shoti tupu na king'amuzi kitalalamika au kuzima tundu. Na kama una busta halafu ukaweka splita (kigawanyio cha kebo), hakikisha tundu moja la splita linapitisha umeme. Hapo ndipo mafundi wengi hukesha.

Mnara wa simu ukiwa karibu na kwako, tafuta busta inayoishia megahezi 694, au weka chujio la mawimbi ya simu kabla ya busta. Baada ya busta halisaidii, maana busta imeshalewa.

Nipe hatua za kufunga, mtu mmoja na msaidizi.

Tafuta kwanza, funga baadaye. Kosa la kawaida ni kusimika bomba pale palipo rahisi kuchimba, kisha kuanza kuwinda mawimbi.

Chukua king'amuzi na TV ndogo uwanjani, kwa waya mrefu wa umeme. Funga antena kwenye ufito mrefu. Ingia kwenye utafutaji wa mkono, chagua chaneli ya masafa unayoijua, upana megahezi 8. Ukiulizwa masafa badala ya namba, chaneli ya 21 ni megahezi 474, na kila chaneli inayofuata ongeza 8: ya 30 ni 546, ya 40 ni 626. Tembea na ufito pembe zote za nyumba, huku msaidizi akisoma ubora kwa sauti. Kila ukigeuza nyuzi chache, subiri sekunde 3 au 4, kwa sababu kipimo kinachelewa. Wanaozungusha haraka wanapita juu ya penyewe bila kujua.

Mahali pakipatikana, simika bomba la maji la inchi moja na nusu lililopakwa zinki. Linauzwa kwa mita 6. Ukihitaji 9, ingiza jingine na lipishane angalau mita moja. Likipita mita 3 juu ya sehemu ya mwisho iliyoshikwa, weka waya za kuvuta pande tatu zilizoachana sawasawa. Juu ya jiwe huwezi kuchimba: toboa, ingiza boliti za kutanuka za milimita 12, ufunge kitako cha chuma. Mlingoti uwe mbali na waya za TANESCO kwa umbali unaozidi urefu wake, ili ukianguka usizifikie. Hili halina mjadala.

Kaza antena kwenye ubora wa juu wa chaneli iliyo dhaifu kuliko zote. Yenye nguvu itajitunza. Mwisho futa orodha ya zamani na utafute upya, kwani orodha iliyobaki na masafa ya zamani huchanganya namba.

Niko Ukerewe. Inawezekana kupata mnara wa Mwanza?

Inawezekana kwa hesabu, na kwa masharti. Nansio hadi Mwanza ni takriban kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, na karibu yote ni maji. Watu hudhani maji ni tambarare. Kwa umbali huo, ukihesabu na kule kupinda kidogo kwa mawimbi hewani, mgongo wa ziwa katikati umepanda karibu mita 37 juu ya mstari unaounganisha fukwe mbili.

Upeo wa kuonana, kwa kilomita, ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa pande mbili kwa mita. Antena ya kurushia ikiwa mita 200 juu ya ziwa na yako mita 9, unapata kama kilomita 58 na 12, jumla 70. Unaonana. Lakini kuonana peke yake hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi kuzunguka mstari, na katikati ya safari hiyo nafasi inayotakiwa ni karibu mita 80 kwa upande. Kwa hiyo kila mita unayopanda Nansio ina faida: mlingoti wa mita 9 hadi 12, mahali pa juu, antena ya fito 20 au mbili zilizounganishwa, busta ya juu yenye kelele ndogo. Ukifanya vyote bado kuna siku zitakukatalia. Kwa anayetaka uhakika wa kila siku kisiwani, tunasema wazi: nunua dishi.

Sengerema mjini, kilomita kama 32, vilima vya ardhini vina neno kubwa kuliko umbali. Geita, zaidi ya 80, usijisumbue na mnara wa Mwanza.

Niko ufukweni, mnara nauona kwa macho ng'ambo ya maji, bado inakatika. Kwa nini?

Maji yanakupa wimbi la pili. Moja linakuja moja kwa moja, jingine linagonga uso wa ziwa na kupanda. Kwenye urefu fulani yanajumlishana, kwenye mwingine yanafutana. Mfano: kilomita 10, antena ya kurushia mita 150 juu ya maji, megahezi 600. Hapo mahali pa kufutana panajirudia kila mita 17 hivi za kimo juu ya ziwa. Nyumba iliyo kwenye mteremko wa Luchelele au Kamanga inaweza kukaa pale pale.

Dawa haiko kwenye busta. Shusha au pandisha antena mita 2 au 3 na upime. La pili ni bora zaidi: rudisha antena nyuma ya paa au nyuma ya ukingo, mpaka mahali ambapo ukisimama unauona mnara lakini maji yamezibwa na bati au mwamba. Umeliondoa wimbi la pili na kubaki na la kwanza. Wengi hawaamini mpaka waone.

Ziwa likiwa shwari, usiku na alfajiri, picha inaganda. Mchana hakuna shida.

Si king'amuzi. Usiku mtulivu hewa iliyogusa maji huwa na unyevu mwingi, na juu yake hulala tabaka la hewa kavu zaidi au ya joto zaidi. Mawimbi hushikwa kati ya tabaka hilo na maji na kusafiri kama ndani ya bomba, mbali kupita kawaida. Mambo mawili hutokea. Wimbi lako linaweza kupandishwa au kupitishwa juu ya antena yako. Na mnara wa mbali unaotumia chaneli ileile ya masafa, wa Bukoba au Musoma, au ng'ambo ya mpaka Kenya na Uganda, unaweza kukufikia na kugongana na wako. Nguvu inaonekana kubwa, ubora unashuka.

Usipande juu ya paa usiku kugeuza antena iliyokuwa sawa saa kumi alasiri. Subiri jua lichemshe hewa na upepo uanze. Kama ni kila siku, antena ndefu yenye mwelekeo mwembamba itakusaidia kumzima anayekuja kwa pembeni.

Hali hiyohiyo ndiyo huleta chaneli za Kenya au Uganda kwenye orodha baada ya kutafuta usiku. Kesho hazipo.

Mvua inakata mawimbi ya antena?

Yenyewe, kwa shida sana. Masafa haya hayaumizwi na matone kama ya dishi. Mvua ikinyesha na mawimbi yakakatika, maji yameingia kwenye kijumba cha antena au pini. Ushahidi: TV inarudi jua likiwaka kwa muda wa saa mbili tatu. Upepo wa mvua nao hutikisa mlingoti.

Kuna jambo moja la kushangaza. Mtambo wa mkoa ukilishwa kwa setilaiti kutoka Dar es Salaam, wingu zito juu ya mtambo au juu ya Dar linaweza kukata chanzo. Kipimo chako kitabaki kizuri, ubora 80, lakini picha ni nyeusi. Hapo usiguse chochote.

Nitajuaje kosa ni langu au ni la mnara?

Chaneli moja tu imezima na nyingine za kundi lake zipo: kosa liko kwa kituo au kwenye kinachokilisha. Kundi lote la masafa limepotea na kundi jingine lipo: ama mtambo huo umezima, ama antena imegeuka kidogo, muulize jirani. Makundi yote yamepotea: ni kwako, anza na pini ya nyuma, kisha umeme wa busta, kisha kebo. Ujumbe wa kifurushi au kadi ukitokea, antena haihusiki. King'amuzi kinachojizima na kujiwasha mara nyingi ni adapta iliyochoka kwa umeme unaopanda na kushuka. Jaribu adapta nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua kabla ya kutupa king'amuzi.

Kebo moja, TV mbili au nne?

Splita ya njia mbili hula karibu desibeli 4 kila upande, ya njia nne karibu 8. Kila TV iwe na king'amuzi chake. Kuunganisha TV mbili kwenye king'amuzi kimoja kunamaanisha wote mnaangalia anachotaka mwenye rimoti.

Radi je?

Ukanda wa ziwa hili una radi nyingi mno. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa vitu viwili: umeme na kebo ya antena. Kuzima kwa rimoti si kuchomoa. Mlingoti unganisha na ardhi kwa waya mnene wa shaba wa milimita za mraba 16, hadi fimbo ya shaba ya mita 1.2 au zaidi, na iunganishwe na ardhi ya umeme wa nyumba. Juu ya mwamba fimbo haiingii. Tafuta udongo kati ya mawe, laza shaba kwa urefu, au piga fimbo kadhaa fupi kwa mshazari na uziunganishe. Hakuna uunganishaji unaozuia radi iliyopiga mlingoti wenyewe, kwa hiyo kuchomoa kuko palepale.

Ndege wanapinda antena yangu.

Korongo wale wakubwa wenye upara ni wazito. Mwewe nao hupenda boriti. Acha bomba lipite juu ya antena kwa nusu mita ili pawepo pa kutua pengine, au funga kijiti cha plastiki juu yake. Usifunge waya wa chuma juu ya fito.

Natumia sola.

King'amuzi kinakula kidogo, kwa kawaida wati 5 hadi 10. Vingi ni vya volti 12, ila betri ikiwa inachajiwa hufika volti 14 na zaidi, kwa hiyo weka kidhibiti cha volti katikati. Invata rahisi huleta kelele: ikiwashwa ubora ukashuka, itenganishe na kebo ya antena mita kadhaa.

Nitajuaje fundi amefanya kazi nzuri?

Kabla hujamlipa, mwambie akuonyeshe ubora wa kila kundi la masafa, si picha tu. Uandike. Tikisa mlingoti kwa mkono huku ukitazama kipimo: kikicheza, pini au kebo haijakaza. Angalia kama pini zote za nje zimezungushiwa tepu ya mpira na kebo imefungwa kwenye bomba kila mita moja hivi.

Chaneli zisizolipiwa zimefungwa baada ya kifurushi kuisha. Nilalamike wapi?

Kwanza zima king'amuzi ukutani dakika moja, washa, tafuta chaneli upya. Zikibaki zimefungwa, peleka malalamiko kwa kampuni husika kwa maandishi, pamoja na namba ya kadi au ya king'amuzi, tarehe, saa, na picha ya skrini inayoonyesha ujumbe na ubora wa mawimbi. Usipojibiwa au usiporidhika, nakala hizohizo zipeleke TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Ile picha yenye ubora wa mawimbi usiisahau, maana jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba antena yako ni mbovu.